Kiingereza cha Jentrix

Simu ilimkuta Wakhungu amechuchumaa mbele ya injini ya pikipiki, mikono imejaa oili hadi kwenye viwiko. Aliibonyeza kwa kifundo cha kidole, akaiacha juu ya stuli. Aliyepiga ni dadake, Jentrix, kutoka Chwele.

"Baba Tonny, si wewe unajua Kizungu?"

"Kizungu gani tena, asubuhi yote hii?"

"Kile cha mdomo. Kile watu wanaongea wakiwa wamekaa tu kwao nyumbani. Cha kitabu sitaki."

Wakhungu alicheka. Mtaa mzima wa Kibomet, pale Kitale, ulijua kwamba fundi Wakhungu, mtu aliyeacha shule darasa la saba, anaongea Kiingereza bila kigugumizi. Hakukipata darasani. Alikuwa fundi wa magari kwa miaka tisa katika shamba moja nje ya Kitale, ambako Wazungu walikuja kupima mbegu za mahindi, na alikiokota kwao neno moja moja. Kuandika barua hakuweza. Lakini kusalimu, kutania, kuomba spana, kumtuliza mtu ambaye gari lake limekwama kwenye matope, hapo hakuwa na mpinzani mtaani.

"Unataka cha nini?"

Jentrix akamweleza. Binti yake Viola alikuwa nesi Uingereza. Mumewe ni Kipkirui, Msabaot wa kule mlimani, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na lugha yake, nyumbani kwao waliongea Kiingereza. Mtoto wao Cherop, mwenye miaka mitano, hakujua lugha nyingine. Kila Jumapili Viola alipiga simu ya video. Jumapili iliyopita Cherop aliletwa mbele ya simu amsalimu nyanya yake, Kukhu kama alivyofunzwa kumwita. Jentrix alimpungia mkono, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Mtoto alimtazama, akageuka, akamwambia mamake kitu.

"Alisema ati Kukhu hanipendi," Jentrix alisema. "Ati Kukhu haniongeleshi. Viola akaharakisha kuchukua simu, akaanza hadithi za netiwaki."

"Viola ndiye alikwambia mtoto amesema hivyo?"

"Hakuna aliniambia. Nilisikia mwenyewe."

Wakhungu alifuta mikono kwa kitambaa, ingawa kazi ilikuwa haijaisha.

"Wanakuja Disemba," Jentrix aliendelea. "Wiki mbili, hapa kwangu. Mtoto atakaa kwa nyumba yangu wiki mbili akijua simpendi? Kuja unifunze."

Jumapili hiyo, baada ya kanisa, Wakhungu alipanda pikipiki yake akateremka hadi Chwele na daftari jipya mfukoni. Usiku uliotangulia alikuwa ameandika ndani yake misemo yote ya Wazungu wake aliyoikumbuka. Walikaa kwenye viti vya mbao nje ya jikoni, na Jentrix akaja na miwani yake ya kusomea Biblia.

"Ya kwanza," Wakhungu alisema. "How's it going? Hiyo ni salamu."

"Inauliza nini?"

"Haiulizi kitu. Mzungu akikwambia hivyo anapita. Ukianza kumweleza mguu unakuuma, anashtuka."

"Ng'ombe hawaulizii?"

"Hapana."

"Na mvua? Na watu wa nyumbani?"

"Mama Viola, hawaulizii. Wewe unajibu tu, not too bad, na wewe unapita."

"Salamu ya kukimbizana namna hiyo ni ya watu gani!" Jentrix alisema, akapiga paja kwa kicheko. Halafu akachukua kalamu iliyokuwa sikioni mwa kakake, akainamia daftari, akarekebisha neno. Akarekebisha la pili na la tatu. Alifanya hivyo harakaharaka, bila kufikiri, kama mtu anayetoa mawe kwenye maharagwe. Wakhungu alimtazama. Hakuwa amemwona dada yake na kalamu tangu wakiwa watoto.

Waliendelea. Kulikuwa na msemo wa kumwambia mtu asubiri kidogo, wa kumwambia yaishe, wa kumuuliza mtoto siku yake ilikuwaje. Jentrix aliielewa yote. Mingine aliieleza kabla Wakhungu hajamaliza. Lakini kila alipoambiwa, "Haya, sema sasa," alicheka, au alikumbuka sufuria jikoni, au alisema, "Nasoma kwa macho kwanza." Jua lilipoanza kushuka, Wakhungu aligundua kwamba dada yake hakuwa ametamka neno hata moja.

Simu ya Viola ilipoingia saa kumi, Jentrix aliongea naye Kibukusu. Cherop alipita nyuma ya mamake akiwa na mwanasesere, hakuja karibu.

Jumapili ya pili Wakhungu alijaribu njia nyingine. Aliketi mbele ya Jentrix, akaifanya sauti yake kuwa nyembamba.

"Mimi ni Cherop. Hi, Kukhu! What are you doing?"

"Ng'o! Na hizo ndevu?"

"Usicheke. Nijibu."

Jentrix alivuta pumzi. Alifungua mdomo. Wakhungu aliona midomo ikitafuta umbo la neno, akaona jasho jembamba juu ya mdomo wake wa juu, na bado hapakutoka kitu. Mdomo ukajifunga.

"Unaogopa kukosea? Ni mimi tu niko hapa. Mimi mwenyewe nakosea kila siku."

"Siogopi kukosea," Jentrix alisema. Aliivua miwani akaiweka mapajani. "Maneno ninayo. Nikitaka kuyasema, naona ile paredi yote inanitazama."

Hakumtazama Wakhungu aliposema hivyo. Alitazama nguo zilizoanikwa kwenye ua.

Wakhungu alijua ni paredi gani. Hata Jentrix angesema nusu ya neno hilo, angejua. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Lakini alichosema ni, "Chai haijaiva?" na Jentrix akainuka kwenda kuangalia.

Shuleni kwao, enzi hizo, kulikuwa na kipande cha ubao kilichotobolewa na kutiwa kamba. Walimu walikiita diski. Aliyesikika akiongea Kibukusu alivishwa, naye alikaa nacho mpaka amsikie mwingine akiteleza, amvishe. Hivyo kilizunguka shule nzima, shingo hadi shingo. Jioni, kwenye paredi, aliyelala nacho, yaani aliyekutwa bado nacho shingoni, alicharazwa mbele ya wote. Ambaye alilala nacho mara tatu kwa wiki moja alifukuzwa kwenda kuleta mzazi. Watoto walijifunza kutegana. Ungemkanyaga mwenzako kidole ili apige kelele kwa lugha ya mama, umvishe, ukimbie ukicheka. Walimu walijua, na hawakukataza.

Ijumaa hiyo Wakhungu alikuwa darasa la sita, mwenye miaka kumi na miwili. Wiki hiyo alikuwa amelala na diski mara mbili, na saa sita mchana ilikuwa tena shingoni mwake. Baba yao hakuwa mtu wa kuitwa shuleni. Mara ya mwisho alipoitwa, Wakhungu alikuwa amelalia tumbo siku nne. Alizunguka uwanja mzima akitega masikio, na kila mtu alijua anayo, kila mtu akamnyamazia.

Jentrix alikuwa darasa la saba. Hakuwa ameshikwa hata siku moja. Kiingereza chake kilikuwa kirefu na safi, mpaka walimu walimtuma kusoma matangazo. Kumtega kwa kidole kusingefaa. Kwa hiyo Wakhungu alimwendea akihema, akamwambia habari za mama yao, "Mayi ameanguka shambani. Hasemi."

"Mayi!" Jentrix alilia. "Mayi!" Na maneno mengine mawili matatu ya Kibukusu yakamtoka pamoja na machozi, na Wakhungu akamvisha kamba shingoni.

Alitazamia kwamba dada yake angeelewa papo hapo, amrushie tusi, wacheke au wapigane. Jentrix hakuelewa. Hata ubao kifuani hakuuona. Alikimbia. Alipita lango la shule na kushika njia ya nyumbani, mwendo wa saa nzima, na Wakhungu alisimama pale pale. Angeweza kupaza sauti. Alikuwa na pumzi ya kutosha. Alifikiri, akirudi nitavishwa tena.

Jentrix alimkuta mama yao akipalilia mahindi, mzima kabisa. Akarudi shuleni paredi ikiwa imeshaanza, miguu imejaa matope, diski kifuani. Mwalimu mkuu alimsimamisha mbele.

"Jieleze," alimwambia. "Kwa Kiingereza."

Naye alijieleza. Mbele ya shule nzima, kwa sentensi ndefu zisizo na kosa, alisema kwamba kaka yake alimwambia mama yao ameanguka shambani, na kwamba alikuwa amekwenda kumsaidia. Mwalimu mkuu akamwita Wakhungu, akamuuliza kama alisema hivyo.

"No, sir," Wakhungu alijibu.

Shule ikacheka. Jentrix alikuwa ameanza sentensi nyingine, akaiacha katikati. Mwalimu mkuu alisema kwamba msichana wa darasa la saba akitoka shuleni mchana bila sababu, sababu anayo. Akamchapa. Jioni hiyo maneno hayo yalimfikia baba yao, yakiwa yameongezwa chumvi njiani mpaka yakawa na mvulana ndani yake. Muhula uliofuata Jentrix hakurudi shuleni. Alipelekwa Kitale kulea mtoto wa shangazi, na alipofika miaka kumi na saba aliolewa Chwele. Wakhungu naye alibaki na hesabu ambazo zamani dada yake ndiye aliyekuwa akimfanyia kila jioni. Mwaka uliofuata zilimshinda, akaacha.

Kwa miaka thelathini na tisa hawakuwa wameligusa jambo hilo. Waliwazika wazazi pamoja, walisaidiana kwenye harusi na kwenye magonjwa, walitaniana. Wakhungu alijiambia kwamba Jentrix amesahau, kwamba yale yalikuwa mambo ya watoto. Sasa alijua kwamba hakuwa amesahau, na wiki nzima hakufanya kazi ya maana. Alifunga kabureta ya mteja kichwa chini miguu juu, pikipiki ikakataa kuwaka, mteja akamtukana, naye akaomba msamaha kwa urahisi uliomuudhi. Kumbe neno lenyewe si gumu. Alikuwa amelitoa kwa ajili ya kabureta.

Jumapili ya tatu alifika Chwele mapema, kabla Jentrix hajabadilisha nguo za kanisa. Hakulitoa daftari.

"Ile siku ya diski," alisema, akiwa bado amesimama. "Nilikudanganya. Halafu nikasema sikusema."

Jentrix alikuwa akichambua sukuma. Hakuacha.

"Sasa unaniambia mimi?" alisema, akamwita kwa jina lake la utotoni. "Mimi nilikuwa hapo, Jotham."

"Najua. Nilitaka..."

"Ulikuwa umwambie papa. Ulikuwa umwambie mayi. Papa alienda. Mayi alikuwa hapa mpaka juzi, miaka miwili tu imepita. Nilimwosha na hii mikono. Alikuwa akiniombea, ati Mungu anisamehe mambo ya ujana. Mambo gani ya ujana? Nilikuwa nimekimbilia yeye."

Wakhungu aliketi.

"Kwa nini hukunishtaki wakati huo wote?"

"Nilishakushtaki. Mbele ya shule nzima. Na Kizungu nilikuwa nacho kuliko mwalimu. Nani alisikia?" Alitupa jani bovu kwa kuku. "Wewe uliongea maneno mawili tu, wakakuamini. Mimi nikaona basi, hiki kitu hakina faida."

Mbuzi wa jirani alilia, akanyamaza.

"Nifanye nini sasa?" Wakhungu aliuliza.

"Mwambie Viola."

"Viola anahusika wapi?"

"Viola alilelewa na mayi nikiwa sokoni. Unafikiri mayi alikuwa anamwambia nini? Usiwe kama mama yako, aliacha shule kwa sababu ya wavulana. Alikuwa anamwambia kwa upendo, bana, kila jioni. Mtoto wangu amenijua hivyo maisha yake yote. Papa na mayi hawako tena, huwezi kuwaambia. Huyu yuko. Saa kumi atapiga."

"Simu yenyewe na mtoto yuko hapo?"

"Mimi nilisimamishwa mbele ya watoto mia tatu," Jentrix alisema, akaingia na ungo wa mboga jikoni.

Wakhungu alifikiria kuondoka. Alifika mpaka kwenye pikipiki, akashika usukani, akajifanya anaangalia breki. Alitafuta kisingizio, mteja mmoja wa Kibomet, mvua, kitu chochote cha kumrudisha Kitale. Halafu akarudi kwenye kiti.

Saa kumi simu ililia. Uso wa Viola ulijaa kwenye kioo, amefunga kilemba, amechoka na zamu ya usiku.

"Khocha! Uko hapo leo tena? Sasa wewe umekuwa mwalimu kabisa!"

Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, mjomba, kaka wa mama. Wakhungu alilishika neno hilo kifuani kama kitu atakachonyang'anywa.

"Viola, nina neno. Usinikatize, nikikatizwa sitamaliza."

Akasema. Hakulipamba. Alieleza diski ni nini, kwa sababu Viola alisoma enzi nyingine, akaeleza uongo wenyewe, mbio, paredi, na jibu lake. Alisema kwamba mama yake hakuwahi kukimbilia mvulana yeyote siku hiyo, na kwamba yeye, Wakhungu, alijua hivyo wakati wote, hata siku ya mazishi ya nyanya aliposimama kuongea na kusifiwa. Ilimchukua muda mfupi kuliko kubadilisha plagi. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba lilikuwa jambo dogo namna hiyo kulisema.

Viola alivua kilemba, akajifuta uso nacho.

"Nilimwambia," Viola alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nikiwa form two. Mama alinikataza kwenda mahali, nikamwambia yeye hana mdomo wa kunifunza kuhusu wavulana. Nilimwambia hivyo mbele ya wageni. Mama, ulinyamaza. Kwa nini ulininyamazia?"

"Ungeniamini?" Jentrix aliuliza kutoka mlangoni.

Simu ilianguka mezani kule kwa Viola, na kioo kikaonyesha dari nyeupe na taa. Walimsikia akilia, akienda mbali. Halafu dari ikafunikwa na uso mdogo, karibu mno, pua na macho tu.

"Kukhu," Cherop alisema. "Why is Mummy crying?"

Wakhungu alijua jibu lake. Alikuwa na misemo mitatu minne ya kumtuliza mtoto, akafungua mdomo. Jentrix alimpokonya simu mkononi. Aliketi, akaishika kwa mikono miwili. Wakhungu aliona kifua chake kikipanda na kushuka.

"Your mother is crying," Jentrix alisema polepole, "because of a thing which happened before she was born."

Yalikuwa maneno ya kitabuni, na sauti ilikwaruza kama mlango usiofunguliwa muda mrefu. Cherop alifikiri.

"You talk like my teacher," alisema.

"Do I?" Jentrix alisema.

Mtoto akataka kujua ni kitu gani hicho kilichotokea. Jentrix akamwambia. Alimwambia kwa Kiingereza kwamba zamani alikuwa msichana, na alikuwa na kaka. Hapo Cherop akamkatiza kuuliza kama kaka huyo bado anaye. Jentrix aliinua macho, akamtazama Wakhungu kwa muda, akasema ndiyo, yupo, ameketi hapa.

"Was he a bad boy?" Cherop aliuliza.

"He was twelve," Jentrix alisema, na akaendelea na hadithi.

Wakhungu alisubiri. Alikuwa amepanga kwamba simu ikiisha ataomba msamaha vizuri, kwa Kibukusu, akiwa amevua kofia. Lakini simu haikuisha. Jentrix alikigeuza kiti, akampa kaka yake mgongo, akamwonyesha Cherop kuku, akamwonyesha jikoni, akamweleza kila kitu kinaitwaje. Hakuna alilotumia kati ya yale Wakhungu aliyomfundisha. Sentensi zilianza kurefuka.

Wakhungu alitoka hadi kwenye pikipiki, akasimama. Kwao mgeni haondoki peke yake. Mwenye nyumba humsindikiza hadi barabarani, hata kama mgeni hana mzigo wa kushikiwa, na Jentrix hakuwahi kukosa kumsindikiza hata siku za mvua. Wakhungu alivaa kofia ya chuma. Akaivua. Akaivaa tena. Sauti ya dada yake ilimfikia kutoka ndani, Kiingereza kirefu na safi, sauti iliyokuwa ya kusomea matangazo, na ndani yake kicheko cha mtoto kikiingia na kutoka. Alihesabu kwamba angekuwa mwalimu aliyekaribia kustaafu sasa. Au karani wa mahakama. Au chochote.

Hakuiwasha injini. Ingewakatiza. Alitoa stendi, akaisukuma pikipiki nje ya lango na kuifuata njia ya vumbi inayopanda barabarani. Jirani, mzee Bethwel, alikuwa akifunga ng'ombe wake kando ya njia.

"Baba Tonny! Ati fundi naye imemzimikia?"

"Haijazima, mzee."

"Sasa unasukumia nini?"

Wakhungu aliinama juu ya usukani, akaendelea kusukuma.